Matamvua ya Kitambaa cha Dorkas

Yublina Selan alikuwa na kovu la shubiri moja chini ya kitovu, na kwa miaka kumi na minne kovu hilo ndilo lililoamua avae nini, alale upande gani na akae kitako kwa muda gani. Watu wa Oelmuti walijua alipasuliwa. Kovu lenyewe hawakuwa wameliona, na maumivu hayaonekani, kwa hiyo kila mtu alikuwa na maoni.

Nilikaa nyumba ya tatu kutoka kwao kwa miaka sita, juu kule kwenye milima ya Timor ambako ukungu hushuka alasiri na watu hulala na shuka mbili. Nimepita nchi kadhaa na kusikia maumivu yakisimuliwa kwa lugha kadhaa. Kila lugha ina maneno ya jino, ya uchungu wa kuzaa, ya mguu uliovunjika. Sijakutana na lugha yenye neno zuri la maumivu ya mtu asiye na cha kukuonyesha. Yublina naye hakuwa nalo. Alisema tu, "Mwili umeamka vibaya," akaendelea na kazi, au akarudi kulala, kutegemea siku.

Alikuwa na miaka ishirini na sita alipomzaa bintiye Sarlin kwa kisu, katika hospitali ya mjini, baada ya uchungu wa siku mbili. Siku ya tano wakamrudisha nyumbani. Na nyumbani, mwanamke aliyejifungua huingizwa kwenye nyumba ya msonge, ile yenye mlango mfupi unaoingiwa kwa magoti, akakaa humo siku arobaini juu ya kitanda chenye makaa chini yake. Asubuhi na jioni hukandwa tumbo na kiuno kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji yaliyotoka tu kuchemka. Damu mbaya hutoka, mifupa hukaza, mwanamke hurudi kuwa mwanamke. Ndivyo mama mkwe wake Dorkas alivyokandwa kwa watoto wake saba, na Dorkas mwenyewe alikuwa mkandaji, wa kuitwa mpaka vijiji vya ng'ambo ya mto.

Muuguzi wa hospitali alimwambia mumewe, Melki, kabla hawajapanda gari. "Maji ya moto yasiguse kidonda. Wala asikae juu ya moto. Umesikia, baba?"

Melki alisema amesikia, na kweli alisikia. Lakini mambo ya msongeni ni ya wanawake. Mwanamume kazi yake ni kuni na maji. Akapasua kuni. Akachota maji, akayaweka mlangoni, akakaa juu ya gogo akimsikiliza mkewe. Siku ya tatu kidonda kilifunguka.

"Kwa nini hukusema?" Yublina alimwuliza, miaka mingi baadaye.

"Ningesemaje? Niingie kwa magoti nimwambie mama hajui kazi yake?"

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ulikuwa unalia," Melki akasema.

Kidonda kilichukua miezi mitatu kufunga, na kilipofunga kiliacha kovu nene, gumu kama gamba, lililoshikana na nyama za chini. Akinyoosha mgongo alihisi kama kuna mtu amekanyaga upindo wa sketi yake, lakini kwa ndani. Hilo angeweza kulizoea. Watu wengi wana makovu. Melki ana la panga mguuni na hulikumbuka tu mvua ikikaribia.

Mwaka wa pili mambo mengine yakaanza. Maumivu yalipanda mabegani, yakateremka nyongani, yakakaa shingoni. Alilala muda wa saa tisa akaamka kama mtu aliyekesha. Kuna Jumapili hata mkono wa mchungaji pale mlangoni mwa kanisa ulimwuma, mkono wa mzee laini kama andazi. Kichwa nacho kilikuwa kikijaa ukungu: siku moja alisahau jina la binamu yake huku binamu mwenyewe amesimama mbele yake na mfuko wa ndizi.

Watu walimsaidia wanavyojua. Walisema upepo umeingia mwilini, wakamkwangua mgongo kwa sarafu na mafuta mpaka ukawa na michirizi kama mkeka. Akalala siku mbili hawezi kuguswa na shuka. Walisema kuna deni la mababu, wakachinja kuku. Kituo cha afya kilimpa vidonge vyeupe, na aliporudi kikampa vilevile. Halafu msaada ukaisha, yakabaki maneno. Dorkas mwenyewe alikuwa na lake, alilolitoa akiwa anasokota pamba kibarazani bila kuinua macho: "Mimi nimezaa saba. Huyu amezaa mmoja, na amezaliwa na kisu."

Na Yopi, mdogo wake Melki, mtu wa masihara ambaye hata msibani lazima mtu amkanyage mguu anyamaze, alikuwa akipita asubuhi na kuuliza kwa sauti ya kusikika barabarani, "Shemeji, leo tunaumwa wapi? Nipange siku yangu."

Sasa, Yublina alikuwa mfumaji. Kabla ya kisu, alikuwa mfumaji wa kusifiwa. Kule mfumaji hukaa chini, miguu ameinyoosha, ukanda wa ngozi umemzunguka kiunoni, na mti wa mbele wa kitanda cha mfumi umemlalia tumboni. Hakuna kigingi upande wake. Kigingi ni yeye: akiegemea nyuma, nyuzi za mtande hukaza, akiinama, hulegea. Kisha hupitisha mshindio, ule uzi wa kukingama, huubana kwa upanga wa mbao nzito, pu, pu, na kila pigo humrudia tumboni. Ule mti hukaa palepale penye kovu. Nadhani mtu angetumwa kutafuta kazi ya kumtesa mwanamke yule asingepata nzuri zaidi.

Wakati mmoja alikwama. Alifuma mpaka mwili ukagoma, hawezi kusimama wala kufungua ukanda. Yopi akapita, akamwinua kwa nia njema, mikono kiunoni kama unavyoinua gunia. Yublina akapiga ukelele wa kusikika mpaka shuleni. Yopi akamwachia, uso umembadilika.

"Nimekugusa tu."

"Najua umenigusa tu."

"Watu watafikiri nimekupiga, shemeji."

Baada ya hapo hakumgusa tena, na kwa miezi kadhaa hata salamu ilikuwa ya mbali.

Mwaka wa kumi na mbili alikuja daktari mwanamke kutoka Java, Wening, mfupi, mwenye mafua yasiyoisha kwa sababu ya baridi yetu. Alimlaza Yublina, akambonyeza kwa kidole gumba shingoni, mabegani, viwikoni, nyongani, magotini, taratibu kama anayekagua embe. Kisha akalitazama kovu kwa muda mrefu, akajaribu kulisogeza, halikusogea.

"Una vitu viwili," akasema. "Hili kovu limeshikana na ndani, ndiyo maana linavuta. Na una ugonjwa unaitwa fibromaljia. Hauonekani kwenye picha wala kwenye damu. Kijijini kwenu mna mbwa?"

"Wengi."

"Usiku mbwa mmoja akibweka?"

"Wanabweka wote."

"Mwizi akishaondoka?"

"Wanaendelea tu mpaka wachoke."

"Basi ndivyo mwili wako ulivyo. Kovu linabweka, ni haki yake, linavutwa. Lakini wengine wote wanaitikia, na hawajui kunyamaza."

Hakumwahidi kwamba atapona. Alimfundisha kulizoesha kovu mguso: wiki za mwanzo, kipande cha pamba tu, kupitisha juu yake kama unavyopangusa uso wa mtoto. Kisha kitambaa laini. Kisha ncha ya kidole na mafuta kidogo, duara ndogo ndogo, na akisikia mbwa wanaamka aache. Na kazi, alisema, afanye kidogo kila siku na aache kabla ya kuumwa, si baada.

"Kabla ya kuumwa nitajuaje?" Yublina aliuliza.

"Tafuta saa."

Pamba alipewa na Dorkas. Alimwomba kipande tu, hakusema cha nini, na Dorkas alichambua kwenye kikapu chake akampa iliyo nyeupe kuliko zote, isiyo na hata punje ya mbegu. Kesho yake akampa nyingine. Hakuuliza.

Habari ya mbwa ilienea kijijini kwa siku moja, kwa sababu Melki aliisimulia kwa Yopi, na Yopi hana kifuniko. "Shemeji, mbwa wamelalaje leo?" Ikawa salamu yake mpya. Mwanzoni ilikuwa kejeli. Lakini neno likitumika kila asubuhi hupungua makali, na kuna siku nilimsikia Yublina akimjibu bila hasira, "Wawili macho, wengine wamelala," na Yopi akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za mahindi.

Dorkas alikuwa na miaka sabini na minane alipoagiza kitambaa. Moyo wake ulikuwa umechoka. Kutoka kibarazani mpaka jikoni alipumzika mara mbili. Aliwaita wote wa pale nyumbani, wanawe wawili na wake zao, akaweka kijamanda cha tambuu katikati, maana kule hakuna neno zito linalosemwa bila tambuu kutangulia.

"Nataka kitambaa changu cha kufunikwa," alisema. "Afume Yublina."

Mke wa Yopi, Marselina, ambaye ndiye alikuwa akifuma vitambaa vya nyumba ile kwa miaka kumi, alishusha macho. Yopi akacheka kidogo. "Mama, huyu atafuma mpaka ufe mara mbili."

"Basi nitamsubiri."

"Marselina amsaidie mwisho."

"Kitambaa cha maiti hakibadilishi mkono," Dorkas akasema, na kila mtu pale alilijua hilo. Kitambaa cha kumfunika mfu hutoka kwenye mkono mmoja, mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mkono ukibadilika, mababu hawajui ni mtoto wa mlango gani anayebisha.

Nilimwuliza Yublina baadaye kwa nini alikubali. Alikuwa akipeta mchele. Alipeta kwanza mpaka akamaliza.

"Nikikataa, watasema walijua tangu zamani kwamba sina kitu, ni uvivu," alisema. "Na yeye hajawahi kusema chochote juu ya yale maji. Mimi pia sijasema. Akienda bila kitambaa changu, tutakuwa tumeliacha hivyo."

Saa aliyoitafuta aliipata jikoni. Asubuhi aliteleka chungu cha makande, mahindi yaliyotwangwa na maharage, juu ya moto mdogo, akaingia kwenye kitanda cha mfumi. Mti wa mbele aliuzungushia shuka kuukuu lililokunjwa mara nne. Alifuma chungu kikiwa kimya. Kifuniko kikianza kugongagonga alifungua ukanda, hata kama yuko katikati ya mstari, hata kama siku hiyo mwili unamdanganya kwamba unaweza. Kwa mfumaji hilo ni aibu. Mstari hauachwi katikati, kama sentensi. Marselina alipopita na kuona upanga wa mbao umelala juu ya mstari nusu aligeuza uso kwa adabu.

Yopi hakugeuza. "Shemeji, leo kuni zilikuwa kavu. Umefuma vidole viwili."

"Kesho nitaweka mbichi."

Hata hivyo kitambaa kilienda. Kilikuwa na michoro ya ndoano nyekundu na nyeupe za ukoo wa kina Dorkas, zilizoshikana mikono kutoka ukingo hadi ukingo. Siku nyingine vidole viwili, siku nyingine hakuna kabisa. Ilipofika Juni, mwaka na zaidi tangu aanze, kilibaki kama dhiraa tatu na nusu.

Julai ni mwezi wa baridi. Dorkas alianguka kibarazani, midomo ya bluu. Muuguzi alikuja na kipimo chake, akasikiliza kifua, akamwita Melki nje. Melki aliporudi ndani hakumtazama mtu. Walianza kupiga simu kwa ndugu walioko mjini Kupang.

Yublina aliteleka chungu. Kifuniko kikagonga. Hakufungua ukanda.

Alifuma siku ile mpaka makande yakaungua. Kesho yake hakuteleka kabisa. Siku ya tatu shuka lililozungushwa mtini lilimwudhi kwa sababu mtande haukazi vizuri, akalitoa, na mti ukakaa kwenye kovu uchi kwa uchi. Alikuwa akifuma vizuri, alisema. Vizuri kama zamani. Siku ya nne, asubuhi, aliamka akakuta hawezi kushika kikombe. Mwili wote ulikuwa umeitikia. Nywele zilimwuma. Kovu lilikuwa jekundu, limevimba. Sauti ya Sarlin akifagia nje ilimpiga kama mawe. Kitambaa kilikuwa kimeongezeka shubiri tatu tu.

Alilazwa msongeni kwa sababu ndimo mna joto. Alikuwa amelalia ubavu wa kulia, uso ukutani, aliposikia mtu anaingia mlangoni kwa magoti, polepole mno, akipumua kama msumeno. Hakudhani ni Dorkas. Dorkas alitakiwa awe kitandani mwake anakufa.

Mzee alikaa chini, akangoja pumzi imrudie. Kisha akasukuma kitu sakafuni mpaka karibu na mto. Yublina aligeuza shingo. Kilikuwa kijamanda cha tambuu, jani la mtambuu limepangwa, popoo imekatwa, chokaa pembeni.

Mdogo ndiye huweka tambuu mbele ya mkubwa. Mtu akikosa na anataka kusamehewa, huweka mbele ya aliyemkosea. Yublina hakuwa amewahi kuona mkwe akiweka mbele ya mke wa mwanawe.

"Mama, kuna mgeni?"

"Hakuna mgeni. Chukua."

"Siwezi kuchukua kabla yako."

"Leo unachukua kabla yangu."

Yublina hakunyoosha mkono. Kuchukua ni kukubali, na alikuwa amengoja muda mrefu mno kukubali kitu ambacho hakijasemwa.

"Sema kwanza, mama."

Nje Sarlin aliacha kufagia.

"Nilisikia ngozi inaachia," Dorkas akasema. "Siku ile ya tatu. Mkono wa mkandaji unasikia. Nikajiambia ni damu mbaya inatoka, nikachovya tena." Akapumua. "Halafu miaka yote hii ukisema inauma, nasema huyu fundi wa kulalamika. Maana kama inauma kweli, basi ni mimi."

Yublina alitazama masizi ya juu, yaliyoning'inia kwenye vibunzi vya mahindi.

"Si yote, mama," alisema. "Daktari alisema. Kovu, lile ni lako. Hayo mengine ni mwili wangu tu, labda yangekuja hata hivyo, labda yasingekuja. Hakuna anayejua."

"Basi nipe la kwangu. Mengine siyabebi."

"Ndiyo. Lako chukua."

Kisha akanyoosha mkono, akachukua popoo. Dorkas akachukua ya pili. Walitafuna, mmoja amelala, mwingine ameegemea nguzo.

"Sasa kile kitambaa," Dorkas akasema. "Kikate."

"Hakijaisha."

"Nimekipitia njiani. Kinanitosha."

"Mama, kimebaki kidogo. Nikipata nafuu siku mbili tatu..."

"Hizo siku huna, na mimi sina."

"Nikikikata hivyo watasema walijua."

"Waache waseme. Chini ya kile kitambaa nitalala mimi, si wao." Akatema mate mekundu kwenye kifuu. "Mkono ni mmoja?"

"Mmoja."

"Basi."

Melki aliitwa, akakileta kitanda cha mfumi kizima msongeni, kimekunjwa kama mtu aliyezimia. Mtande ni kazi ya aliyefuma kuukata, mwingine hana ruhusa. Kwa hiyo Dorkas alizishika zile nyuzi zilizobaki bila mshindio, akazivuta zikakaza, na Yublina akakata kwa kisu cha popoo, amelala kwa ubavu, nyuzi chache chache. Iliwachukua muda. Kitambaa kilipofunguka kilikuwa na ndoano zake katikati, safi, na kila mwisho nyuzi tupu ndefu kama mkono kutoka kiwikoni.

Halafu Dorkas hakufa.

Agosti alikula uji. Septemba alikuwa kibarazani na pamba yake. Ndugu wa Kupang walikuja, wakakaa wiki, wakarudi makazini wakiwa na aibu kidogo, kama watu waliofika arusini siku isiyo yake. "Mama amekata kitambaa, kifo kikasema basi nitakuja siku nyingine," Yopi akasema, na Dorkas mwenyewe akacheka mpaka akakohoa.

Yublina hakucheka. Alichukua wiki saba kurudi alipokuwa Juni, na kuna sehemu ya bega la kushoto haikurudi. Aliniambia akiwa amekaa na chungu chake kimya pembeni: "Ningekimaliza. Vidole viwili, vidole viwili. Kumbe muda ulikuwepo." Alimwambia Dorkas hivyohivyo. "Hatukujua," Dorkas akasema.

Mtande ukishakatwa haurudishwi kwenye kitanda cha mfumi. Zilibaki zile nyuzi ndefu, na nyuzi zikiachwa wazi huchanganyika. Ilibidi zisokotwe matamvua, kifungu baada ya kifungu, mbili kulia, mbili kushoto, kisha pamoja, kisha fundo. Kusokota hakuhitaji ukanda wala mti tumboni. Mtu anaweza kusokota amelala, anaweza kusokota saa ambayo mkono umekubali na kuacha saa ambayo umekataa. Dorkas alishika upande mmoja wa uzi na Yublina mwingine. Mchana wa mvua waliweza kukaa hivyo mpaka ukungu ushuke. Sidhani walizungumza tena habari za maji. Nilipopita niliwasikia wakibishana kuhusu bei ya nguruwe, na kuhusu mchungaji, na kuhusu kama Sarlin apelekwe kusoma Kupang.

Na mgeni yeyote aliyeingia, Dorkas alimfungulia kitambaa. "Tazama matamvua," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia akate." Yublina alikuwa akitoka nje wakati huo.

Dorkas alikufa Novemba ya mwaka uliofuata, mchana, kikapu kikiwa mapajani. Fundo la mwisho la matamvua lilikuwa limefungwa wiki tatu kabla.

Siku ya mazishi ukoo wote ulipanda mlimani. Jeneza liliwekwa uani, wazi, na kwa desturi mke wa mwana mkubwa ndiye humfunika marehemu. Yublina alikuwa amesimama tangu asubuhi akipokea mikono ya watu, mamia ya mikono. Melki alikuwa kichwani pa jeneza, hana la kufanya, kama siku ile ya gogo. Yublina akakunjua kitambaa. Shangazi mmoja wa upande wa bondeni, mkubwa wa sauti, akainama kwa jirani yake na kunong'ona kwa namna ya kusikika na wote:

"Kitambaa hiki kina nywele nyingi kuliko mwili."

Yopi alikuwa karibu naye. Nilitegemea mzaha.

"Mama ndiye aliyeagiza kikatwe, shangazi," alisema. "Ungemwuliza alipokuwa hai. Alikuwa anamwonyesha kila mtu."

Yublina akainama, akamfunika Dorkas kuanzia miguuni, akapandisha ndoano hadi mabegani, akalaza matamvua juu ya mikono iliyokunjwa, moja moja, yasilaliane. Alichukua muda wake. Alipomaliza akajaribu kunyoosha mgongo, mgongo ukakataa. Alibaki ameinama juu ya jeneza, mkono mmoja kwenye ukingo wa mbao, na watu wakadhani analia.

Yopi alisogea. Hakumshika kiunoni. Alipitisha mkono chini ya kwapa, mbali na tumbo, kama ambavyo amemwona kaka yake akifanya, akasimama tu bila kumvuta.

"Mbwa wameamka?" akauliza, chini kabisa.

"Wote."

"Haya."

Mchungaji alikohoa. Nyuma yao mstari wa watu ulikuwa mrefu mpaka barabarani, kila mmoja akitaka kupita kuaga. Yopi hakugeuka. Alikaa pale na mkono wake, anangoja, mpaka Yublina aliposema, "Sasa."